Subotica na Kitabu Kisicholia

Kuna miji ambayo ukiitaja tu, watu wanaanza kusikitika. Subotica ni mmojawapo. Uko kaskazini kabisa mwa Serbia, katika jimbo la Vojvodina, kilomita kama kumi kutoka mpaka wa Hungaria, na Wahungaria wanauita Szabadka. Makala za safari zinazoandikwa juu yake zina wimbo uleule: hapa palikuwa Hungaria, tazama majengo yalivyo mazuri, jamani wakati umepita. Mwandishi anapiga picha ya paa la vigae vya rangi, anakunywa kahawa yake, anatia huzuni kidogo mwishoni, anaondoka.

Mimi nataka kubishana na wimbo huo, na nitabishana nao kwa kutumia riwaya moja fupi: *Pacsirta* ya Dezső Kosztolányi, iliyotoka mwaka 1924. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri ya Richard Aczel inayoitwa *Skylark*. Pacsirta ni ndege mdogo wa jamii ya kipozamataza, yule anayepaa juu sana huku akiimba. Kosztolányi alizaliwa Subotica mwaka 1885. Alipoandika kitabu hiki, mji wake wa kuzaliwa ulikuwa umeshakuwa nchi nyingine. Alikuwa na kila sababu ya kulia. Hakulia. Na kwa kuwa hakulia, ametuachia mwongozo wa mji huu ambao hakuna kijitabu cha watalii kinachoufikia.

Tuanze na mji wenyewe, maana bila kuuona huwezi kuelewa kwa nini uamuzi wake ulikuwa mgumu.

Ukishuka stesheni ya treni ya Subotica na kuvuka bustani iliyo mbele yake, jengo la kwanza litakalokusimamisha ni nyumba ya Ferenc Raichle. Raichle alikuwa msanifu majengo, na mwaka 1904 alijijengea nyumba ambayo ukiiangalia unajiuliza kama kweli mtu alilala humo. Ukuta wake unapinda, lango lina umbo kama la moyo, na vigae vya kauri vimepandwa kila mahali kama maua. Baada ya miaka michache Raichle alifilisika, nyumba ikampotea. Leo ni jumba la sanaa za kisasa. Mtu aliyejenga hivyo hakuwa anaogopa kesho.

Endelea mbele ufike Ukumbi wa Jiji. Huo ulijengwa kuanzia 1908, na mapambo ya ndani yakamalizika 1912. Mnara wake una mita 76. Waliouchora ni Marcell Komor na Dezső Jakab, wasanifu wawili waliofuata mtindo wa Secession wa Kihungaria: unachukua ua la tulipu, moyo, na manyoya ya tausi kutoka kwenye mitarizi na masanduku ya wakulima, unayapandisha ukutani kwa vigae vya kiwanda cha Zsolnay cha mji wa Pécs. Vioo vya rangi katika ukumbi wa baraza ni kazi ya Miksa Róth, na vimejaa watu wa historia ya Hungaria. Yaani baraza la mji wa Serbia linakaa chini ya macho ya wafalme wa nchi jirani.

Sasa hesabu miaka. Nyumba ya Raichle, 1904. Ukumbi wa Jiji, 1912. Novemba 1918 jeshi la Serbia liliingia mjini. Tarehe 4 Juni 1920 Mkataba wa Trianon ukatiwa saini, Hungaria ikapoteza zaidi ya theluthi mbili ya eneo lake, na Szabadka ikawa Subotica rasmi, ndani ya Ufalme wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia. Mji wa watu karibu 95,000, uliokuwa na tramu ya umeme tangu 1897, ulibadilishiwa nchi rangi ya Ukumbi wa Jiji ikiwa bado mpya. Hakuna aliyehama. Mtu alilala Hungaria akaamka kwingine, kitanda kilekile.

Na mtu mmoja alikufa kwenye huo mstari mpya, naye alikuwa ndugu wa Kosztolányi. Géza Csáth, daktari na mwandishi wa hadithi fupi za kutisha, alikuwa binamu yake na rafiki yake wa utotoni mjini hapo. Morfini ilimla akili. Mwaka 1919 alimpiga mkewe risasi akamwua. Baadaye akatoroka hospitali ya Szabadka akitaka kufika Budapest. Wanajeshi wa Serbia walimzuia kwenye mstari wa mpaka. Akanywa sumu, akafa palepale.

Basi jiweke mahali pa Kosztolányi. Yuko Budapest tangu alipokwenda kusoma mwaka 1903. Nyuma yake mji umechukuliwa, binamu amekufa mpakani. Unaandika nini?

Kwanza aliandika alichoandika kila mtu. Mwaka 1921 alihariri mkusanyo ulioitwa *Vérző Magyarország*, yaani Hungaria inayovuja damu, ambamo waandishi wa Kihungaria walililia ardhi iliyopotea. Miaka hiyohiyo alikuwa miongoni mwa waandishi wa safu ya Pardon katika gazeti la *Új Nemzedék*, safu ya mrengo wa kulia iliyotafuta wa kulaumiwa, na Wayahudi wakawa wa kwanza kulaumiwa. Silitaji hili kumvua mtu nguo. Nalitaja kwa sababu wapenzi wa Kosztolányi wanaliruka, na ukiliruka huoni alichofanya baadaye. Mtu huyuhuyu, baada ya miaka mitatu, alikaa chini akaandika *Pacsirta*, na ndani yake bendera haina kazi kabisa.

Riwaya inaanza Septemba 1899 katika mji wa kubuni unaoitwa Sárszeg. Wasomaji wote wanajua kwamba Sárszeg ni Szabadka. Lakini tazama jina: neno *szabad* lililomo ndani ya Szabadka maana yake ni huru, na neno *sár* ni matope. Mwandishi amechukua mji wake wa uhuru akauita pembe ya matope! Angekuwa analilia nyumbani kwao, angeupa jina la namna hiyo?

Ákos Vajkay ni mzee wa miaka 59 aliyestaafu kazi ya kutunza nyaraka za kaunti. Yeye na mkewe Antónia wanafunga mizigo ya binti yao wa pekee. Binti ana miaka 35. Hajaolewa, na riwaya haizunguki mbuyu: hana sura. Zamani alipokuwa mtoto aliimba, wakamwita Pacsirta, na jina limembana mpaka leo kama gauni la utotoni. Anakwenda kukaa wiki moja na jamaa mashambani. Wazazi wanamsindikiza stesheni wakilia kama wanazika. Treni inaondoka. Kitabu kizima ni hiyo wiki moja.

Na nini kinatokea? Wanakula. Ndiyo, wanakula! Pacsirta ndiye mpishi wa nyumba, na chakula chake hakina mafuta wala viungo. Vyakula vya hotelini amewafundisha wazazi kuvichukia. Sasa hayupo, inabidi waende hoteli ya *Magyar Király*, Mfalme wa Hungaria. Siku ya kwanza wanaingia kwa aibu, wanajifanya chakula hakiwapendezi. Kisha mzee anavutwa na harufu ya gulashi ya meza ya jirani. Anasoma orodha ya vyakula, na mwandishi anaisoma pamoja naye, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mpenzi. Siku zinavyokwenda mzee anakunyoa kwa kinyozi, anaonekana kijana. Mama ananunua mkoba wa ngozi ya mamba. Piano iliyokuwa imefungwa inafunguliwa. Wanakwenda kutazama opereta ya *The Geisha*. Watu wa mjini, ambao walikuwa wamewasahau, wanawaita mezani. Alhamisi Ákos anajiunga tena na wazee wenzake wa zamani, kikundi cha walevi wanaojiita Chui, anakunywa, anacheza karata, anashinda.

Usiku huo anarudi nyumbani amelewa, na anatamka neno ambalo mzazi halitamki. Kwamba hawampendi binti yao. Kwamba afadhali angekufa. Mke anapigana naye kwa maneno, anakana, anatuliza, lakini neno limeshatoka mdomoni na haliwezi kurudishwa. Kesho yake binti anarudi. Wanamngoja stesheni kwa hofu ya kweli, kama watu wanaoogopa kuadhibiwa kwa walichosema. Ameleta njiwa ndani ya kizimba. Maisha yanarudi yalipokuwa: chakula bila viungo, piano kufungwa. Na usiku, kitandani, Pacsirta analia ndani ya mto wazazi wasimsikie. Anajua. Siku zote alikuwa anajua.

Hapa ndipo wachambuzi wengi wanapopenda kuweka mafumbo. Eti Pacsirta ndiye Hungaria. Eti wiki ile ni dunia kabla ya Trianon, na treni inayorudi ni historia. Mimi nakataa. Siyo kwamba fumbo halikai. Fumbo linakaa kila mahali ukililazimisha. Nakataa kwa sababu likishakaa, linamfuta binti. Kosztolányi alitumia kurasa nyingi kutufanya tusiweze kumkimbia huyu mwanamke: tumechoka naye, tunamhurumia, tunaona haya kwa kuchoka naye. Ukimgeuza kuwa nchi, umefanya kile kile walichofanya watu wa Sárszeg: umemtazama kwa dakika moja ukapeleka macho pembeni.

Ninachokiona mimi ni kingine. Mwandishi amekumbuka mji wake bila kuupamba. Sárszeg ya 1899 haikuwa pepo. Ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Ni mji ambamo watu wenye akili wanakunywa mpaka wanalala kwa sababu hakuna la kufanya. Kijana mshairi anayeandika gazeti la mji, Miklós Ijas, anaelewa siri ya familia ile kuliko wao wenyewe, lakini kuelewa kwake hakumsaidii mtu. Ni mji mkatili, hasa kwa mwanamke asiye na sura. Na bado, harufu ya ile gulashi, taa za ule ukumbi wa maonyesho, wazee wanaopigiana kelele mezani! Mapenzi ya mwandishi kwa mji yamo humo, kwenye sahani na kwenye karata. Hakuna ukurasa unaosema turudishiwe. Kuna ukurasa baada ya ukurasa unaosema: ilikuwa hivi, tuliboreka hivi, tulicheka hivi.

Kitabu cha 1921 kilitaka mji kama mali. Kitabu cha 1924 kinaujua mji. Cha kwanza leo kinasomwa na wanahistoria. Cha pili kinasomwa na kila mtu anayepata nakala.

Lakini nisimsifu mno, maana kitabu kina tundu, na tundu hilo utaliona ukitembea Subotica nusu saa tu. Utasikia Kiserbia, Kihungaria na Kikroatia, ambazo zote ni lugha rasmi mjini hapo. Utakutana pia na Wabunjevci, Waslavi Wakatoliki waliokaa maeneo hayo kwa karne kadhaa. Walikuwepo pia Kosztolányi alipokuwa anakwenda shule, maelfu kwa maelfu. Hakuna hata mmoja wa wahusika wakuu wa *Pacsirta* anayetoka kwao. Sárszeg imekuwa mji wa Wahungaria watupu, na Szabadka haikuwahi kuwa hivyo. Hata mwandishi asiyelia anaweza kusahau majirani zake.

Na kuna waliosahauliwa kwa ukali zaidi. Nenda kwenye sinagogi.

Sinagogi ya Subotica ilijengwa miaka ya 1901 na 1902. Wachoraji ni walewale, Komor na Jakab, na hii ndiyo kazi yao ya kwanza mjini. Mchoro wenyewe uliandaliwa kwa shindano la sinagogi ya Szeged, ukashindwa na ule wa Lipót Baumhorn, ukahamia Subotica. Kwa hiyo kilichokataliwa Szeged ndicho kikawa fahari ya hapa. Ukiingia unaona kuba kubwa, na ukitazama juu unaona tulipu zilezile, manyoya yaleyale ya tausi, mitarizi ileile ya wakulima wa Kihungaria. Katika mji wote hakuna jengo la Kihungaria kuliko hili, na waliolijenga walikuwa Wayahudi.

Hilo halikuwa pambo tu. Wayahudi wa Szabadka walizungumza Kihungaria, wengi walikuwa wamebadili hata majina ya ukoo yakawa ya Kihungaria. Jengo lilikuwa linasema: sisi ni wa hapa, nyimbo zenu ni zetu, maua yenu tumeyaweka mahali petu patakatifu. Mwaka 1941 jeshi la Hungaria lilirudi Subotica. Wapo waliopiga makofi, Hungaria imerudi nyumbani. Mwaka 1944, Ujerumani ikiwa imeshaivamia Hungaria, Wayahudi wa mji walikusanywa, na utawala wa Hungaria ndio uliofanya kazi hiyo. Walipelekwa Auschwitz. Mwaka huohuo Marcell Komor, mzee aliyepandisha tulipu za Kihungaria kwenye ukuta wa sinagogi na wa Ukumbi wa Jiji, aliuawa kwa sababu alikuwa Myahudi.

Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia kwa machozi kwamba Subotica ilikuwa Hungaria. Ilikuwa Hungaria ya nani? Sinagogi ilikaa ikibomoka kwa miongo mingi, ikakarabatiwa, na mwaka 2018 ikafunguliwa tena. Ni nzuri mno. Wa kusali ndani yake ni wachache sana. Mgeni akitoka humo akaendelea kusema habari za mji wenye rangi za kupendeza, basi hakuingia, alipita tu.

Mtu aliyelibeba jambo hili ni mtoto mwingine wa mji huo, Danilo Kiš, aliyezaliwa Subotica mwaka 1935. Baba yake, Eduard, alikuwa Myahudi wa lugha ya Kihungaria, mkaguzi wa reli. Mama alikuwa wa Montenegro. Januari 1942 familia ilikuwa Novi Sad wakati majeshi ya Hungaria yalipofanya mauaji huko. Baba alinusurika, wakakimbilia kijijini kwao ndani ya Hungaria, na Danilo akasoma shule kwa Kihungaria. Mwaka 1944 baba alichukuliwa kwenda Auschwitz, hakurudi.

Kiš aliandika kwa Kiserbokroatia. Riwaya zake *Bašta, pepeo*, yaani bustani na majivu, ya 1965, na *Peščanik*, yaani saa ya mchanga, ya 1972, zinamtafuta baba yule: mtu wa reli, wa ratiba za treni, mwenye wazimu na utukufu wake. Na hapa kuna jambo ambalo ningependa lisomwe polepole. Huyu mtu ambaye dola ya Kihungaria ilimnyang'anya baba, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafsiri washairi wa Kihungaria. Alimtafsiri Ady. Alimtafsiri Attila József. Alimtafsiri Radnóti, mshairi ambaye naye aliuawa mwaka 1944 kwa kuwa Myahudi. Lugha haikuwa na hatia mbele yake. Aliweza kutenganisha lugha na dola, jambo ambalo wapiga makofi wa 1941 hawakuweza, na hata Kosztolányi wa 1921 hakuweza.

Mimi nawasoma hawa wawili pamoja na ningeomba nawe uwasome hivyo. Treni inatembea ndani ya vitabu vyote viwili. Kwa Kosztolányi treni inaondoka na binti na inamrudisha, na kurudi kwake ndiyo huzuni. Kwa Kiš treni inamwondoa baba na hairudi naye. Kati ya treni hizo mbili kuna miaka 45.

Sasa tuje leo, maana mji siyo vitabu tu.

Katika sensa ya 2011, Wahungaria walikuwa zaidi ya theluthi moja ya watu wa manispaa ya Subotica, kundi kubwa kuliko yote. Wana shule, wana tamthilia kwa lugha yao. Kuna hata ukumbi wa maonyesho wenye jina la Kosztolányi. Siyo watu wa makumbusho hata kidogo. Wananunua mboga, wanagombana kuhusu maegesho ya magari, wanabadili lugha katikati ya sentensi kutegemea nani ameingia dukani. Lakini idadi inashuka. Serbia nzima ilikuwa na Wahungaria 253,899 mwaka 2011, na 184,442 mwaka 2022. Sababu ni kadhaa: wazee wanakufa, watoto wanaozaliwa ni wachache, vijana wanahama. Na kwenye kuhama kuna kejeli ambayo Kosztolányi angeifurahia. Tangu 2011 sheria ya Hungaria imewarahisishia Wahungaria wa nchi jirani kupata uraia. Iliuzwa kwa maneno ya kuunganisha taifa lililokatwakatwa na Trianon. Lakini pasi ya Hungaria ni pasi ya Umoja wa Ulaya, na Serbia haimo katika Umoja huo. Kijana wa Subotica akiishika, njia ya Vienna na Munich imefunguka. Hati iliyotolewa kumwambia mtu "wewe ni wa kwetu, hapo ulipo" ndiyo inayomwondoa hapo alipo.

Ndiyo maana habari ya kulia na kutolia siyo mchezo wa wachambuzi. Maombolezo yana wateja wengi. Wanasiasa wanayataka, kwa sababu mtu anayelilia ramani ya zamani ni rahisi kumwongoza. Watalii wanayataka, kwa sababu yanaonekana vizuri kwenye picha. Anayeumia ni Mhungaria wa Subotica mwenyewe, ambaye anataka tu mwanawe asome hesabu kwa lugha ya nyumbani na apate kazi mtaa wa pili. Ukimwambia kila siku kwamba mji wake ni kaburi, usishangae akiondoka. Nani anataka kulea mtoto makaburini?

Kuna mfano wa kuonekana kwa macho. Katikati ya mji palikuwa na jumba la maonyesho lililojengwa mwaka 1854, lenye nguzo sita kubwa mbele. Mwaka 2007 lilivunjwa, nguzo zikaachwa, ujenzi mpya ukaendelea kwa kusuasua mwaka baada ya mwaka. Mwandishi wa safari akifika hapo anaona alama: tazama, utamaduni umebomoka! Mimi naona mradi wa manispaa uliokosa fedha na mpangilio, kitu ambacho watu wa mji wamekilalamikia kwa lugha zao zote. Na wakati wote huo waigizaji waliendelea kuigiza kwingine. Kosztolányi angeyaandika malalamiko yale, siyo nguzo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kwenda Subotica, na hata usipoipata, soma kwa mpangilio huu. *Pacsirta* kwanza, haifiki hata siku mbili kuimaliza. Ukiipenda, tafuta *Aranysárkány*, tiara ya dhahabu, riwaya yake ya 1925 iliyomo katika Sárszeg ileile, ambamo mwalimu mmoja wa shule ya upili anavunjwa na wanafunzi wake. Halafu Kiš, uanze na *Bašta, pepeo*. Csáth msome mchana.

Ukifika mjini, usianze na mnara. Anza na chakula. Kaa mahali ambapo orodha imeandikwa kwa lugha mbili, agiza kitu chenye paprika, sikiliza meza ya jirani wanavyobishana. Halafu nenda sinagogi, ukae ndani mpaka utakapoacha kupiga picha. Mnara utaupanda mwisho. Kutoka juu hutaona mpaka. Kuna tambarare tu, pande zote, na reli inayokwenda kaskazini.